Ligasi si gundi: kisa cha sahani tupu Kisumu

Jumatatu asubuhi mwanafunzi aliingia na sahani tatu za petri, akazipanga juu ya meza yangu bila kusema neno. Ya kwanza, yenye bakteria waliopewa plasmidi (mviringo mdogo wa DNA) nzima isiyokatwa, ilikuwa imejaa vidoa vya buluu hata havihesabiki. Ya pili, yenye plasmidi iliyokatwa bila kuwekewa kitu, ilikuwa na vidoa viwili. Ya tatu ndiyo aliyokuwa akiitegemea: plasmidi iliyokatwa pamoja na kipande alichotaka kiingie ndani yake. Ilikuwa na vidoa vitatu, vyote buluu, na yeye alikuwa akitafuta vyeupe. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

“Mwalimu, ligasi imekufa,” akasema, akimaanisha kimeng'enya kinachounga vipande vya DNA. “Na hii ni mpya.”

Nimeamua kukiandika kisa hiki hatua kwa hatua kwa sababu mwishowe tuligundua kwamba chanzo chake ni neno. Stima haikuwa na hatia, mashine hazikuwa na hatia, na waliotuuzia dawa hawakuwa na hatia. Lilikuwa neno moja la Kiswahili ambalo nimelitumia darasani kwa miaka, nikiamini nawarahisishia wanafunzi mambo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tuko Kisumu, kando ya ziwa, na hapa malaria haisomwi vitabuni tu. Kila nyumba inaijua. Mwanafunzi alikuwa akitengeneza kidhibiti cha kipimo cha PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) cha vimelea vya malaria. Alihitaji kipande kifupi cha jeni ya 18S ya Plasmodium falciparum, chenye jozi 205 za herufi, kikae ndani ya plasmidi, bakteria wakizalishe, kisha kitumike kila siku kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Ukiwa na plasmidi kama hiyo huna haja ya kutunza damu ya mgonjwa kwenye friza kwa ajili tu ya kuhakiki kipimo. Ni kazi ndogo yenye faida kubwa, na nilitaka aimalize.

Plasmidi yake ilikuwa pUC19, mviringo wa DNA wenye jozi 2,686. Aliikata kwa SmaI, kimeng'enya ambacho hutafuta mahali panaposomeka CCCGGG na kukata katikati kabisa, kikiacha ncha butu, yaani nyuzi zote mbili za DNA zinaishia mahali pamoja. Kisha akaipitisha kwenye fosfatasi inayotoka kwa kamba wa baharini, ili mviringo usijifunge wenyewe kabla kipande hakijaingia, halafu akaiua fosfatasi hiyo kwa joto. Kipande alikizalisha kwa PCR kwa kutumia polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) inayosahihisha makosa yake, ambayo nayo huacha ncha butu. Akapima nanogramu 50 za plasmidi na nanogramu 11 hivi za kipande, ili kila mviringo mmoja upate vipande vitatu vya kuchagua. Akatia bafa, akatia ligasi ya T4, akaacha kwenye nyuzi 16 usiku kucha. Asubuhi akaingiza mchanganyiko ndani ya bakteria na kuwapanda kwenye sahani yenye ampisilini, dawa inayozuia bakteria wasio na plasmidi, na X-gal, kemikali inayoleta rangi ya buluu. Kipande kikiingia mahali pake huvunja jeni inayoleta rangi ya buluu, na kidoa kinatoka cheupe.

Soma tena aya hiyo. Hakuna hatua hata moja yenye kosa ukiitazama peke yake. Ndiyo sababu tulihangaika.

Tulianza na friza. Ligasi yenyewe haigandi ikiwekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa sababu nusu ya mrija wake ni gliseroli. Bafa ndiyo hupata taabu: ndani yake mna ATP, molekuli inayobeba nishati, na kila bafa inapoyeyuka na kugandishwa upya, ATP hupungua nguvu. Stima ilikuwa imepotea mara kadhaa mwezi ule, kwa hiyo shaka yetu ilikuwa na msingi. Mwanafunzi akaagiza ligasi mpya na bafa mpya. Kifurushi kilipofika kutoka Nairobi kwa basi alikwenda kukichukua mwenyewe, akahakikisha barafu bado ipo, akarudi kuigawa bafa kwenye mirija midogo midogo ili kila mmoja uyeyushwe mara moja tu. Alifanya kila jambo ambalo mtu makini angefanya, na sahani ikatoka vilevile.

Nikamwambia kwamba kabla ya kuitangaza ligasi imekufa, tuipime. Kuna kipimo cha zamani ambacho kila maabara inaweza kukifanya. Unachukua DNA ya kirusi kinachoitwa lambda, yenye jozi 48,502, ambayo imekatwa kwa HindIII, kimeng'enya kingine cha kukata, na kutoa vipande vinane. Watu wengi wanayo tayari, maana huitumia kama ngazi ya kupimia urefu kwenye jeli. Unatia sehemu moja kwenye mrija wenye ligasi, sehemu nyingine kwenye mrija usio na ligasi, unasubiri, kisha unazikimbiza zote mbili kwenye jeli ya agarosi, ambayo hutenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake.

Tulizima taa tukaiwasha ile ya jeli. Njia ya kushoto, isiyo na ligasi, ilionyesha ngazi kama tunavyoijua: ule mstari mzito wa jozi 23,130 juu, ukifuatwa na 9,416, 6,557, 4,361, halafu ile miwili inayokaribiana ya 2,322 na 2,027 iliyokaa chini kama reli. Njia ya kulia, reli zile zilikuwa zimetoweka. DNA karibu yote ilikuwa imepanda juu, imejikusanya karibu na shimo tulipoitia, kwa kuwa vipande vilikuwa vimeungwa kimoja kwa kingine hadi vikawa virefu mno kupita. Mwanafunzi akainamia jeli, akatazama kwa muda mrefu.

“Basi inafanya kazi,” akasema polepole. “Mbona kwangu haifanyi?”

Vipande vya HindIII vina ncha zinazonata (uzi mmoja umejitokeza), na ncha butu ni ngumu zaidi kuungwa, kwa hiyo tukafanya jaribio la pili: pUC19 iliyokatwa kwa SmaI lakini haijapitishwa kwenye fosfatasi, na ligasi ile ile. Sahani ikajaa buluu. Mviringo ulikuwa umejifunga bila shida.

Ndipo nilipomuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza wiki tatu nyuma. “Hebu niambie, ligasi ni nini?”

“Ni gundi ya DNA.”

“Nani alikuambia hivyo?”

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa heshima: “Ni wewe, Mwalimu. Mwaka wa pili.”

Ni kweli. Nilisema hivyo, na nilikuwa nimesema hivyo kwa wengi kabla yake. Akaendelea kunieleza, na maelezo yake yalinifungua macho. Alisema hata ukiivuta kwa pipeti unaona inanata: ni nzito kama asali, hung'ang'ania ncha ya pipeti, na ukiiacha kwenye maji huzama chini ya mrija kama uzi wa shira. Kumbe kwa miaka miwili alikuwa akiona uzito wa gliseroli na kuamini kwamba anaona unataji wa ligasi. Gliseroli imewekwa pale kwa ajili ya friza tu. Lakini mtu ukishampa neno gundi, macho yake yatalitafutia ushahidi.

Ubaya wa neno hilo ni kwamba gundi haichagui. Kiatu, karatasi, ubao, chochote ukikipaka kitashika, ilimradi pande mbili ziguse. Na ikishashika, gundi inabaki pale katikati, ndiyo inayoshikilia. Mtu anayeifikiria ligasi kama gundi hatauliza ncha za DNA zina nini. Atauliza tu kama gundi ni nzima na kama imetosha. Hayo ndiyo maswali tuliyokuwa tukiyauliza kwa wiki tatu, mimi na yeye.

Kwa kweli ligasi hufanya jambo mahsusi sana. Uzi wa DNA una pande mbili zisizofanana: mwisho mmoja, tunaouita wa tatu, una kikundi cha hidroksili, mwisho mwingine, wa tano, una fosfati. Ligasi huunda kifungo kati ya hivyo viwili, na vyote viwili lazima viwepo. Kwanza ligasi inajibebesha kipande cha ATP kiitwacho AMP, ikikishikilia kwenye asidi amino moja ya mwili wake, laisini. Kisha inakihamisha kipande hicho na kukipachika juu ya fosfati ya mwisho wa tano. Fosfati ikiwa imebebeshwa hivyo inakuwa tayari kushambuliwa. Hidroksili ya mwisho wa tatu inaivamia, kifungo kinaundwa, AMP inaachiliwa, na ligasi inaondoka. Fosfati inayobaki katika kiungo ilikuwa ya DNA tangu mwanzo.

Sasa rudi kwenye mrija wa mwanafunzi wetu. Fosfatasi ya kamba ilikuwa imeziondoa fosfati zote kwenye ncha za plasmidi. Hiyo ndiyo kazi yake. Na kipande? Kilizalishwa kwa PCR kutokana na praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, na praima zinazotengenezwa kiwandani huja bila fosfati kwenye mwisho wa tano, isipokuwa umeagiza ziwekewe. Kwa hiyo plasmidi haikuwa na fosfati, na kipande hakikuwa na fosfati. Ligasi, nzima na yenye nguvu zake zote, ilikaa usiku kucha ndani ya mrija usio na hata mahali pamoja pa kuiweka AMP yake.

Nilipomchorea hili kwenye karatasi aliweka kalamu chini, akashika kichwa. Mimi pia nilihisi vibaya. Angeliona mwenyewe siku ya kwanza kama picha niliyompa ingekuwa nyingine.

Hapa naomba nikae kidogo juu ya jina lenyewe, kwa kuwa limebeba maelezo bora kuliko niliyoyatoa mimi. Ligasi limetokana na neno la Kilatini ligare, yaani kufunga. Shina hilo hilo limetupa ligamenti, zile kano zinazofunga mfupa kwa mfupa gotini. Limetupa pia ligi, kundi la timu zilizofungwa pamoja kwa ratiba na kanuni moja. Kila mtu wa Kisumu anayevaa jezi ya kijani siku Gor Mahia ikicheza anatamka shina hilo bila kujua. Kiambishi cha mwisho, -asi, kinatuambia tu kwamba tunazungumzia kimeng'enya, kama kilivyo kwenye lipasi na laktasi.

Jina halikutulia mara moja. Mwaka 1967 maabara kadhaa za Marekani zilikifikia kimeng'enya hiki karibu kwa wakati mmoja, kila moja kwa njia yake. Martin Gellert alionyesha kwamba maji ya ndani ya bakteria wa E. coli yanaweza kufunga DNA ya lambda ikawa mviringo kamili. Bernard Weiss na Charles Richardson walikipata katika bakteria walioambukizwa kirusi cha T4. Kundi la Robert Lehman na lile la Jerard Hurwitz nayo yalikuwa humo humo. Wengine wakakiita ligasi ya polinukleotidi, wengine wakakiita tu kimeng'enya cha kuunga. Jina la ligasi ndilo lililobaki.

Kuna mitego miwili katika matumizi yake ambayo nimeiona kwa wanafunzi wa huku. Wa kwanza ni masikio. Ligasi, lipasi na liasi zinakaribiana mno zikisemwa haraka darasani, hasa kwa kuwa baadhi yetu tunatamka ligasi, wengine laigesi. Lipasi hukata mafuta. Liasi huvunja vifungo bila kutumia maji, yaani karibu kinyume cha ligasi. Nimewahi kusoma ripoti nzima iliyoandikwa liasi mwanzo hadi mwisho, na mwandishi alimaanisha ligasi.

Wa pili ni upana wa neno. Katika orodha ya kimataifa ya vimeng'enya, ligasi ni tabaka zima, la sita, na ndani yake mna vimeng'enya vingi visivyogusa DNA hata kidogo. Vile vinavyounga asidi amino na RNA yake ya kuibebea, kabla protini haijafumwa, ni ligasi pia. Ile ya DNA inayotumia ATP ina namba 6.5.1.1, na ile inayotumia molekuli nyingine, NAD, kama ya E. coli, ina namba 6.5.1.2. Kwa hiyo ukiandika makala andika ligasi ya DNA, na utaje inatoka wapi. Mezani, mtu akisema “nipe ligasi”, sote tunajua ni ule mrija wa T4, na hakuna haja ya kuongeza neno.

Kwa Kiswahili tuna utajiri ambao nilikuwa nimeuacha. Kunata ni jambo moja: ncha za HindIII hunata, zinashikana kwa muda kwa vifungo hafifu vya haidrojeni na zinaweza kuachana. Kuunganisha ni jambo jingine: unaunganisha waya na soketi, kesho unaichomoa. Kuunga ni zaidi ya hayo. Mfupa uliovunjika unaungwa. Mganga wa mifupa, na wapo wengi wanaoheshimika huku magharibi, haanzi kwa kupaka kitu. Anapapasa kwanza, anahakikisha ncha mbili zimekutana sawasawa, anafunga banzi, na siku ikifika banzi linaondolewa. Kinachobaki ni mfupa. Mfano huo nao una mipaka yake, lakini unamlazimisha mwanafunzi kupapasa ncha kwanza, na hilo ndilo lililotukosesha. Tangu hapo nasema kimeng'enya kinachounga DNA, na sitarudi kwenye gundi.

Marekebisho yalikuwa mafupi kuliko hadithi yake. Tulihitaji kurudisha fosfati upande mmoja, na tukachagua kipande, kwa sababu plasmidi tuliinyima makusudi. Kinasi ya T4 huiondoa fosfati kwenye ATP na kuiweka kwenye mwisho wa tano wa DNA. Richardson yule yule ndiye aliyeieleza mwaka 1965, miaka miwili kabla ya ligasi, na zote mbili zinatoka kwa kirusi kimoja. Tuliziweka praima kwenye kinasi kabla ya PCR, maana uzi mmoja huipokea fosfati kwa urahisi kuliko ncha butu: dakika 30 kwa nyuzi 37, kisha dakika 20 kwa nyuzi 65 kuiua. Baada ya hapo PCR, kusafisha, kupima, na ligasi kama kawaida, kutoka mrija ule ule uliosemekana umekufa.

Wakati anachanganya aliniuliza swali zuri. Kama kipande kina fosfati na plasmidi haina, basi kila kiungo kitaungwa uzi mmoja tu, na ule wa pili utabaki na ufa. Je, mviringo hautavunjika? Nilifurahi sana kulisikia, kwa kuwa mtu wa gundi hawezi kuliuliza. Hauvunjiki; uzi mmoja kila upande unatosha kuushikilia hadi uingie ndani ya bakteria. Humo, vimeng'enya vya ukarabati vya bakteria vinaishughulikia ile ncha isiyo na fosfati, kisha ligasi ya bakteria mwenyewe inauziba ufa. Ndiyo kazi iliyoumbiwa. Kila seli inaponakili DNA yake, uzi mmoja hutoka vipande vipande, na ligasi huviunga. Miilini mwetu inafanyika sasa hivi, mimi nikiandika nawe ukisoma.

Alhamisi alikuja tena na sahani. Safari hii alikuwa ameshaanza kuzungumza kabla hajafika mlangoni. Tulihesabu pamoja, yeye akiweka nukta ya kalamu chini ya kila kidoa: vyeupe 41, buluu 6. Akachagua vinane vyeupe, akavikuza, akatoa plasmidi, na saba kati yake zilikuwa na kipande cha urefu sahihi. Mbili tukazipeleka zisomwe herufi.

Matokeo yalipofika tuliyafungua pamoja kwenye kompyuta yangu. Alisogeza mshale taratibu juu ya vilele vya rangi hadi akafika mahali pa kukatia. CCC ya plasmidi, na papo hapo, bila nafasi wala alama, herufi ya kwanza ya praima yake. Jozi 205 mbele, herufi ya mwisho, na papo hapo GGG. Akarudi nyuma akapasoma tena kwa sauti, herufi moja moja, akitafuta mahali ligasi ilipopita.